Barua zenu: Kabla ya vyama kulikuwa na kodi, gati na ng'ombe

Toleo lililopita tuliweka ukurasa mmoja kuhusu uchaguzi wa 1957, ule wa kwanza kabisa Zanzibar, viti sita tu vya kupigiwa kura. Nilidhani mtauliza nani kashinda wapi, kumbe wengi mmeniuliza kitu chengine: kabla ya hapo wazee wetu walikuwa wamekaa kimya tu wanamuangalia Mngereza? Barua ni nyingi, nimechukua saba na nyengine nimezikata urefu, mnisamehe.

*Asalam alaykum maalim. Skuli tumesomeshwa siasa za Zanzibar zimeanza na vyama, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) 1955 halafu ASP (Afro-Shirazi Party) 1957. Babu yangu mzaliwa wa Ng'ambo anacheka akisikia hivo, anasema wazee wake walishagoma zamani sana. Nani mkweli, kitabu au babu? (Kijana wa Kwahani)*

Waalaykum salaam mwanangu. Babu ni mkweli, na kitabu nacho hakijasema uongo, kimeanza hadithi katikati tu. Vyama ni kweli vimekuja miaka ya hamsini lakini kumkatalia mkubwa kumetangulia, na Ng'ambo, ile mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ndio pahala pake.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya kiwanja. Ufahamu kwanza mambo yalivokuwa: nyumba ya udongo na makuti ni yako, umejenga na kukandika mwenyewe, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba ina mwenyewe, mara nyingi tajiri wa Kiarabu au wa Kihindi, na unamlipa kwa kuweka nyumba yako juu ya mchanga wake. Miaka ya ishirini mji ukajaa, kodi zikapanda, na mpangaji hana pa kwenda mana nyumba huwezi kuitia begani ukahama nayo. Basi wakagoma, mitaa kwa mitaa, watu wakakamatwa, na mwisho serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipande ovyo. Mwaka huo huo Siti binti Saad, muimbaji wa taarab, mtu wa Fumba alokuja kuishi Ng'ambo, alipanda meli kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, kwa hiyo ukizisikia zile sahani za mwanzo ujue zimetoka kwenye Ng'ambo ya watu wanaogombana na wenye viwanja.

Sasa hakuna alosimama 1928 akasema tunataka tujitawale. Walitaka kodi ishuke, basi. Na wapo wanaoidharau migomo ya namna hiyo, wanasema si siasa ile, ni shida za nyumba tu. Mimi siwakubalii. Ukitazama miaka yote ile hadi hamsini huko, kila mara watu wameanza na jambo dogo la mlangoni kwao, wakenda serikalini, wakakuta anaeamua hajawahi kuwauliza kitu wala hana mpango wa kuwauliza, na wakirudi nyumbani hawaulizi tena kodi ni kiasi gani, wanauliza huyu kawekwa na nani.

Wala hawakuwa watu wa Ng'ambo peke yao. Februari 1936 Wamanga, Waarabu maskini wenye kazi ya mbata, walichafua Malindi kwa sababu ya sheria mpya ya ukaguzi, ambayo mbata isokauka vizuri inakataliwa, na siku hiyo ofisa mmoja wa Kingereza akauawa. Hilo nalipita upesi, anaetaka zaidi aniandikie.

*Maalim, marehemu baba yetu alikuwa hamali bandarini. Kila akihesabu umri wa watoto alikuwa akisema "huyu kazaliwa kabla ya mgomo, huyu baada ya mgomo". Mgomo gani huo? Na ulikuwa wa siasa au wa mshahara? (Bi mmoja wa Malindi)*

Bi mkubwa, huo ni mgomo wa 1948, na kwa mtu wa bandarini kuhesabia umri wa watoto wala si ajabu, mana Zanzibar ilikuwa haijaona kitu kama kile.

Ulianza Agosti 20 kwa wapakuzi wa gatini, watu wa kampuni ya African Wharfage. Vita vya pili vimekwisha miaka mitatu nyuma lakini bei zilizopanda wakati wa vita hazijashuka, na mshahara wa hamali haukwenda mbio kama bei. Tena habari zilikuwa zishafika: Januari 1947 Mombasa iligoma karibu mji mzima, Septemba mwaka huo huo bandari ya Dar es Salaam ikagoma, na wewe unajua bandari za mwambao zilivo, majahazi ni yale yale, mtu ana kaka Mombasa na shemegi Dar, habari ya mshahara kupandishwa Mombasa haikai wiki Mombasa. Hapa kwetu alokuja kujulikana kama kiongozi ni Abbas Othman.

Uzito wake ni kwamba ilipofika Septemba haukuwa tena mgomo wa mahamali. Ulisambaa mjini, wakaingia vibarua wa kazi nyengine, wakaingia na watumishi wa majumbani, fikiria mzungu na tajiri anaamka asubuhi hakuna wa kuchemsha maji, na chakula cha kutoka shamba kikawa hakiingii mjini kama kawaida. Serikali ikaagiza askari kutoka bara. Ulichukua kama wiki tatu hivi, halafu ukaisha na mishahara ikaongezwa.

Suali lako la siasa au mshahara: walodai walidai mshahara. Lakini hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu alokuwepo. Kwa wiki tatu umeona mji umesimama kwa sababu watu wasokuwa na kiti hata kimoja kwenye baraza lolote wameamua kukaa chini, na serikali ilokuwa haikujui jina sasa inatafuta wa kuzungumza nae. Utarudi kazini ukiwa mtu yule yule? Mimi nnaamini kura za Ng'ambo za 1957 zimeanza kuhesabiwa pale gatini, na vyama navyo viliona hivo hivo, ndo mana miaka ya hamsini kila chama kilikimbilia kuwa na shirikisho lake la wafanyakazi na mgomo mmoja haukuwezekana tena, hawa wakigoma wale wanakwenda kazini.

*Je vita vya Sayyid Khalid 1896 havihesabiki kuwa ndio upinzani wa kwanza dhidi ya ukoloni? (Mwalimu, Mkoani)*

Mwalimu mwenzangu, mimi sivihesabu hapo. Zile zilikuwa dakika chini ya 45 za Agosti 27, 1896, Khalid bin Barghash kakaa kwenye kiti alipokufa Sayyid Hamad bin Thuwaini, Mngereza anamtaka Hamoud bin Mohammed, mizinga ikapigwa na watu kama 500 wakafa au kujeruhiwa. Ulikuwa ugomvi wa nani awe Sultani. Faida yake ni kuwa kuanzia hapo kila mtu alijua nani hasa anaemuweka Sultani, na hilo lina kazi katika jibu linalofuata.

*Mimi ni mzaliwa wa Kiembe Samaki. Kila nikitaja Vita vya Ng'ombe watu wananicheka, eti wazee wenu walipigwa risasi kwa ajili ya ng'ombe. Nisaidie nikawajibu. (Kijana, Kiembe Samaki)*

Wacheke tu, wengi wao hawajui kuwa chama kimoja katika vilivokuja kutawala nchi mwaka 1963 kimezaliwa huko kwenu.

Kiembe Samaki ya wakati huo ni shamba, wakulima na wafugaji, sio huu mji tunaouona leo. Serikali ilishawachukulia watu ardhi zao kwa ajili ya kiwanja cha ndege, na hilo donda lilikuwa bichi bado. Halafu 1951 inakuja amri ng'ombe wote wadungwe sindano ya kimeta, lazima, sio hiari. Kimeta ni maradhi mabaya kweli, yanaua ng'ombe na yanamuua mtu pia, na mganga wa mifugo akikwambia chanja ana haki yake. Mimi sitokwambia kuwa sindano ile ilikuwa mbaya. Lakini anaekuja kukwambia ni nani? Ni serikali ile ile ilokuja jana ikakwambia konde hii si yako tena. Ukishamnyang'anya mtu konde kisha ukaja na sindano unamwambia ni kwa faida yako, atakuamini vipi? Na ng'ombe kwa mkulima ndio benki, ndio mahari, ndio ada ya mtoto.

Wakakataa. Wakashitakiwa. Julai 30, 1951 watu wakajaa mjini siku ya kesi ya wenzao, kiasi kwamba polisi walipowachukua wale wafungwa umati ukajaribu kuwatoa mikononi mwao, na polisi wakapiga risasi. Watu wakafa, wengine wakafungwa, na jina likabaki Vita vya Ng'ombe.

Sasa angalia ilivokwenda. Laiti ingekuwa ni ng'ombe tu basi mambo yangeishia mahakamani. Lakini 1955 wakulima wa huko huko wakaunda chama, kikaitwa Chama cha Taifa cha Raia wa Sultani wa Zanzibar. Sio Waarabu wa mjini walokianzisha, ni wakulima wa shamba. Ndani ya mwaka huo wasomi wa mjini wakajiunga nao, akina Sheikh Ali Muhsin, na chama kikawa Zanzibar Nationalist Party, Hizbu kama wanavosema wazee, na rais wake wa kwanza akawekwa mtu wa shamba, Vuai Kiteweo. Wapo waliosema alikuwa wa kuonyeshwa tu na nguvu ziko kwa Ali Muhsin, na sidhani kama walikosea sana, ila mwanzo wa chama haufutiki kwa hilo.

Tena jina lile la "raia wa Sultani" lilikuwa na ujanja ndani yake, na hapa ndio narudi kwa Mwalimu wa Mkoani. Zanzibar kwenye makaratasi haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa nchi ya Sultani chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890. Kwa hiyo mkulima akisema mimi ni raia wa Sultani anamwambia Balozi wa Kingereza: wewe ni mgeni hapa, bwana wangu ni mwengine. Huwezi kumfunga mtu kwa kusema hivo, sheria yako mwenyewe inasema hivo hivo. Upande wa pili jina hilo hilo liliwafungia mlango watu wengi wa Ng'ambo walokuwa na asili ya bara, ambao walijiuliza sisi ni raia wa nani basi, na ugomvi uliotokea baadae mbegu yake moja imo humo.

*Nyinyi watu wa Unguja mnajisimulia wenyewe tu. Pemba hatukulalamika? (Msomaji wa Chake Chake)*

Mmelalamika, na mkilalamika nyinyi hazina ya serikali inatetemeka mana karafuu nyingi zilikuwa kwenu, kama sasa. Miaka ya thelathini bei ya karafuu ilianguka vibaya na wakulima wengi wa Pemba, wa Kiarabu na wenyeji, mashamba yao yalikuwa rehani kwa wakopeshaji wa Kihindi. Serikali ilikuwa imeunda jumuiya ya wakulima wa karafuu, CGA, mwaka 1927, na 1937 ikaipa kwa sheria mamlaka juu ya ununuzi wote, kazi kama inayofanywa na ZSTC, shirika la serikali la biashara, leo. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kununua, na India kwenyewe, ambako karafuu zetu zilikuwa zikienda kwa wingi, chama cha Congress kikawaunga mkono na watu huko wakasusa karafuu za Zanzibar. Mwaka 1938 wakapatana. Tazama ajabu yake: mkulima wa Wete hakualikwa popote, si kwenye kutunga sheria si kwenye kupatana, lakini karafuu zilizokosa mnunuzi ni zake.

Halafu ni huko kwenu, 1939, ilipoanza Jumuiya ya Washirazi, yaani wenyeji wanaojihesabu kuwa na asili ya Shirazi, kabla haijafika Unguja. Vita vilipokuja na mchele wa Burma ukakatika, chakula kikagaiwa kwa kabila, Muarabu na Muhindi fungu lao, Muafrika fungu lake. Sijui kama kuna somo la siasa linaloingia kichwani upesi kuliko kuambiwa wewe kwa kabila lako mchele hupati. Na 1957 viti viwili vya Pemba walivichukua Muhammad Shamte na Ali Sharif, watu wa Jumuiya hiyo, na Shamte ndie alokuwa waziri mkuu nchi ilipopata uhuru Disemba 10, 1963. Kwa hiyo usiseme tumewasahau, waziri mkuu alitoka kwenu.

*Maalim, nasoma SUZA. Nani wa mwanzo kudai hasa tujitawale? Na ni kweli African Association walisema "uhuru zuia"? Mzee wangu hataki nilitaje neno hilo ndani ya nyumba. (Binti wa Jang'ombe)*

Mwanangu mzee wako ana sababu zake, lakini suali ni la haki na ntalijibu.

Waliotangulia kudai kwa maandishi na kwa sauti ni Jumuiya ya Waarabu, kupitia gazeti lao la Al-Falaq, ambalo mhariri wake alikuwa Ahmed Lemke. Walitaka uchaguzi wa daftari moja, yaani wapiga kura wote pamoja bila ya kugawiwa kwa kabila, na mawaziri wenyeji. Mwaka 1954 gazeti likaandika makala kali, serikali ikaipeleka kamati nzima ya Jumuiya mahakamani kwa uchochezi, na Jumuiya ikajibu kwa kususia Baraza la Kutunga Sheria na kamati zote za serikali kwa kama mwaka mmoja na nusu. Ususiaji ule ulikuwa mkali mpaka ukamwaga damu: Sheikh Sultan Ahmed Mugheiry, mjumbe alorudi barazani, aliuawa 1955.

Sasa African Association, jumuiya ya Waafrika, kwa nini hawakushangiria? Chukua hesabu hii. Baraza la Kutunga Sheria limeanza 1926. Wajumbe wasio maofisa walikuwa Waarabu watatu, Wahindi wawili, Mzungu mmoja. Muafrika hakuna. Wa kwanza ni Sheikh Ameri Tajo wa Makunduchi, na aliteuliwa 1946, miaka 20 baadae, katika nchi ambayo sensa ya 1948 iliwahesabu watu 264,162 na robo tatu yao ni Waafrika. Halafu ongeza na hili: utumwa kisheria ulifutwa 1897, na masuria wakasubiri hadi 1909. Mwaka 1954 mtu aliezaliwa mtumwa alikuwa bado yuhai, anakaa barazani kwake Ng'ambo, na wajukuu wanamsikia. Mtu huyo ukimwambia Mngereza aondoke kesho, la mwanzo atakalouliza ni nani anabaki na funguo.

Kwa hiyo walitaka uhuru uchelewe, ndio, hadi watoto wao wasome na wao wawe na viti. Ile kauli ya "uhuru zuia" ilikuwa ikivumishwa zaidi na wapinzani wao majukwaani kuwatia aibu, na ikawaganda. Mimi nnaona hofu yao ilikuwa ya kweli na dai la wenzao nalo lilikuwa la haki, na hasara ni kuwa Mngereza alikaa katikati ya hao wawili kwa raha zake. Uliza pia nani alifaidika na daftari moja lilipokuja: Februari 1957 African Association na Washirazi wakaungana ikawa Afro-Shirazi, Julai watu wakapiga kura, na pale Ng'ambo Mzee Karume, kiongozi wa Afro-Shirazi, akapata kura 3,328, Ali Muhsin wa Hizbu 918. Hizbu haikupata hata kiti kimoja katika vile sita, kwa utaratibu ule ule waloudai wenyewe.

Mzee wako mwambie nimemsalimia, na usilitaje neno lile ndani ya nyumba yake.

*Wanawake walipiga kura 1957? (Mama wa watoto wanne, Bububu)*

Hapana bi. Ilikuwa mwanamme, umri miaka 25 kwenda juu, raia wa Sultani, na juu ya hapo masharti ya kusoma au ya mali. Hata wanaume wengi wa shamba na wa Ng'ambo walirudishwa mlangoni. Wanawake waliingia kwenye daftari kwa uchaguzi wa Januari 1961, ule uliotoka sare mpaka ikabidi urudiwe Juni.